Mwaridi wa Double Delight kwenye ua wa hatua sita kwa nne: miezi 19 Kisaasi

Wageni wakiingia kwangu siku hizi huniuliza nimefukiza udi gani. Sijafukiza. Ni mwaridi ulio karibu na mlango wa jikoni, na ukija saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshavuka ukuta, harufu yake hukupokea kabla yangu mimi.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa nautafuta mwaridi wa ua mdogo sikumpata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na kwa hali ya hewa ya hapa Kisaasi, Kampala. Maelezo yote niliyoyaona yalikuwa ya watu wenye theluji, wanaongoja baridi iishe ndipo wapogoe. Sisi hatuna theluji. Tuna mvua za alfajiri zinazotoka ziwani, tuna udongo mwekundu unaoganda kama tofali, tuna pia kuku wa jirani. Nimeupanda mwaridi huu Februari 2024, na sasa ninayo ya kusema kwa mtu anayefikiria kutoa pesa yake.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, nipo Uganda tangu 2003 nilipoolewa. Mama yangu alikuwa na mwaridi mmoja tu, kwenye debe la mafuta ya kupikia, waridi dogo la pinki. Maua mengine aliyafunga na asmini na rehani kwenye kikuba, mengine aliyanyambua akayatia kati ya kanga sandukuni. Kwa hiyo kwangu mimi ua lisilonukia limekosa nusu yake. Mawaridi yanayouzwa mjini kwa shada, yale marefu yaliyofungwa kwenye karatasi inayong'aa, ni mazuri ya kutazama, lakini ukiyaweka puani unanusa maji ya ndoo. Nilitaka waridi la kunukia, na nilitaka liwe la umbo lile la duka, tumba refu lenye ncha linalofunguka taratibu. Na lisizidi kifua changu kwa urefu, kwa sababu ua wangu ni hatua sita kwa nne, na humo humo mna tangi la maji, kamba ya nguo na njia ya kupita.

Kabla ya huu nilidanganywa mara moja, na nitalieleza kwa sababu nimeona wengine wakidanganywa vile vile. Mwaka 2023 nilinunua kando ya barabara "mwaridi mfupi" kwa shilingi 15,000, ukiwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nyeusi, na ua moja kubwa jekundu limeshafunguka juu. Muuzaji alisema umeshashika. Siku ya nne ua likainama, siku ya tisa kijiti kikawa cheusi. Nilipokivuta kikatoka chote kama kijiko kutoka kwenye uji. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Lilikuwa ua la shada, limekatwa na kuchomekwa udongoni. Tangu siku hiyo silipii mche wowote kabla sijaushika shina na kuutikisa kidogo. Mche wenye mizizi hukataa, udongo wote hutikisika pamoja nao. Kisha nageuza kavera chini nione kama kuna kamzizi keupe kwenye matundu.

Wa sasa nilimnunulia mzee mmoja mwenye bustani ya miche barabara ya Entebbe. Watu humwita Ssalongo, maana ni baba wa mapacha, nami nimezoea hivyo hivyo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua Naivasha, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Kenya, na ujuzi wake wa mawaridi ni wa mtu aliyeyashika kwa mikono. Nilipofika aliniacha nizunguke kwanza. Kisha akauliza:

"Mama, unataka rozi ya kuangalia ama ya kunusa?"

"Yote mawili, Ssalongo. Na ua wangu mdogo."

"Basi hii hapa. Jina lake maana yake ni raha mbili. Ya macho na ya pua."

Kibandiko kwenye mche kiliandikwa 'Double Delight'. Miche yake huiagiza Limuru, Kenya, na kila mmoja una jina. Hili la jina nalitilia mkazo, kwa sababu bustani nyingi za kando ya barabara zitakuuzia "nyekundu", "nyeupe", "njano", na rangi haikwambii mti utafika wapi. Jina linakwambia. Mwaridi huu ulizalishwa Marekani na Herbert Swim na Arnold Ellis kutoka kwa wazazi 'Granada' na 'Garden Party', ukatolewa sokoni 1977, na mwaka 1985 Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mawaridi likauingiza kwenye orodha yake ya heshima. Ni kitu kilichopandwa nyumba nyingi kwa miaka mingi, tabia zake zinajulikana, nzuri na mbaya. Urefu wake ni kati ya sentimita 90 na 120, upana kama sentimita 60. Si kibete, lakini umejikusanya, hauendi kutafuta paa.

Ukoo wake ndio ule wauzaji wanaouita haibridi tii, yaani chotara wa chai. Mawaridi ya chai yalitoka China. Yalipendwa kwa kuchanua tena na tena na kwa harufu iliyowakumbusha watu majani mabichi ya chai, ila yalikuwa dhaifu wa baridi. Wafaransa wakayaoanisha na mawaridi yao yenye nguvu, na lile linalohesabiwa kuwa la kwanza ni 'La France' la Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, mwaka 1867. Ssalongo hakuniambia hayo yote, mengine nimeyasoma baadaye, ila alinionyesha kwa kidole namna ya kumtambua mtu wa ukoo huu: ua moja juu ya fimbo moja, halafu tumba lenye mabega.

Nililipa shilingi 35,000. Nilijaribu kupunguza, akakataa kwa heshima, akaniongezea bure mfuko wa mboji. Boda hadi Kisaasi 10,000. Magunia mawili ya udongo mweusi 20,000, gunia la maganda ya kahawa 8,000. Samadi ya mbuzi nilipewa na jirani yangu Nalongo, naye mama wa mapacha, ambaye shemeji yake anafuga. Hesabu hiyo naiweka wazi kwa sababu mche wenyewe ni kama nusu tu ya gharama ya kuanza.

Kupanda kulinichukua asubuhi nzima. Ukanda wangu wa udongo uko chini ya ukuta wa magharibi, unatazama mawio. Nilipapenda mahali hapo kwa sababu ya kamba ya nguo kuwa mbali, kumbe ndipo panapofaa kwa sababu nyingine kubwa nitakayoifikia. Nilichimba shimo la sentimita 45 kila upande, na chini kidogo nikagonga murram, ule udongo mgumu wa changarawe. Nikamwaga ndoo ya maji nione, yakakaa humo mpaka adhuhuri. Mwaridi hautaki miguu yake ikae majini, basi nikamtafuta kijana mwenye sululu akanivunjia ule murram kina cha mkono mwingine. Nikachanganya udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri na maganda ya kahawa kidogo, na nikauweka mche sentimita 60 kutoka ukutani. Mume wangu aliona nimeuweka mbali mno, nimekula njia. Nilimwambia upepo nao unataka pa kupita.

Kuna uvimbe kwenye shina, pale mwaridi mzuri ulipobebeshwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuugandisha, kwa hiyo nimeuacha juu ya udongo, vidole viwili, nauona. Naomba mkumbuke uvimbe huo.

Matumba ya kwanza yalikuja wiki ya saba. Manne. Tumba la Double Delight lina rangi ya malai, na kwenye ncha kuna wekundu kama mtu aliyegusa kwa kidole chenye hina. Halafu kila siku ule wekundu unashuka. Ua likifunguka kabisa, katikati ni jeupe la maziwa na kingo zote ni nyekundu, na siku ya tatu wekundu umekula zaidi ya nusu. Sababu yake ni mwanga wa jua wenyewe, si joto. Nililithibitisha hilo bila kukusudia: tumba moja lilikuwa nyuma ya ndoo niliyoisahau juu ya tofali, likafungukia kivulini, likatoka karibu jeupe lote, na wenzake wa tawi lile lile walikuwa wekundu wa kuiva. Kwa jua letu la ikweta basi, mwaridi huu unapata rangi kuliko hata kwenye picha zake.

Harufu sina namna ya kuiweka hapa ila niseme haifanani na ile ya marashi ya mrashi tunayomwagiwa harusini. Ile ni tamu na laini. Hii ina ukali ndani yake, kama mtu amevunja punje ya iliki karibu na waridi. Asubuhi ni kali, mchana inafifia, jioni baada ya kumwagilia inarudi kidogo. Nilimpelekea mama picha kwa WhatsApp. Hakusema lolote juu ya rangi. Aliuliza neno moja: "Lanukia?" Nikampigia simu tukazungumza nusu saa.

Kwa upande wa ukubwa wa ua, msitarajie la kwenye kibandiko. Wanaandika sentimita 14. Langu kubwa kupita yote lilikuwa 12, Julai, wakati wa ubaridi, na yale ya Februari yalikuwa 9 au 10 tu, na yalifunguka upesi kwa joto, siku tatu yamekwisha. Ssalongo anasema ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu mashamba yetu ya Uganda yaliyo karibu na ziwa, kule Entebbe na Mukono, hulima zaidi mawaridi ya vichwa vidogo, na yale ya vichwa vikubwa hulimwa nyanda za juu. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Kampala ni kama mita 1,200. Ua hupenda kukua taratibu penye ubaridi. Kwangu mimi hilo si kasoro ya mche, ila mtu asiponiambia ningesema nimedanganywa tena.

Sasa nifike kwenye kasoro yenyewe, kwa sababu ipo na ni kubwa.

Aprili 2024, mvua za masika zikiwa zimekaza, majani ya chini yalianza kuonyesha vidoa vyeusi vyenye kingo zilizochanika kama jua la mtoto aliyechora kwa mkaa. Jani likawa njano kuzunguka doa, likadondoka. Wiki mbili baadaye mwaridi ulikuwa uchi hadi juu, fimbo na miiba, na vijani vichache kileleni. Nililia, sioni haya kusema. Nilidhani umekufa.

Ule ni ugonjwa wa kuvu, madoa meusi, na Double Delight ni dhaifu mbele yake, pia mbele ya ule ukungu mweupe kama unga. Muuzaji yeyote atakayekwambia mwaridi huu ni mgumu kwa magonjwa, usimwamini. Mbegu za kuvu hiyo hazishiki jani kavu. Zinahitaji jani libaki majimaji saa saba hivi au zaidi. Sasa tazama hali yetu: mvua ya Kampala mara nyingi hupiga usiku wa manane au alfajiri, ikitoka ziwani. Jani linalowa saa kumi za usiku, na kama mwaridi uko mahali jua halifiki mpaka mchana, jani hilo litakaa na maji mpaka saa sita. Hapo kuvu imeshaingia. Ndipo nilipoelewa bahati ya ule ukuta unaotazama mawio. Mwaridi wangu hupata jua kuanzia saa tatu hadi kama saa nane mchana, na ni jua la asubuhi linaloukausha. Nalongo alinunua mche wa jina hilo hilo kwa mtu huyo huyo, akaupanda upande wake unaopata jua la jioni, na wake ulipata madoa mabaya kuliko wangu misimu yote miwili. Kama ua wako hauna jua la asubuhi, nakushauri kwa moyo mmoja usiununue huu.

Niliyoyafanya baadaye yamenisaidia, ingawa hayakuumaliza ugonjwa. Kila jani lililoanguka naliokota, hata kwa tochi, nalitia kwenye mfuko wa taka, siliweki kwenye mboji. Namwagilia chini, kwa kikombe, asubuhi, jani lisiguswe na maji. Katikati ya kichaka nimeyatoa matawi yaliyokuwa yakisuguana, sasa ukisimama mbele unaona ukuta nyuma yake. Na mvua zinapokaribia, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Septemba, nakata kabisa majani yanayogusa udongo.

Dawa pia nimetumia: mankozebu, ile ile ya wakulima wa nyanya, pakiti iliyofungwa kutoka duka la pembejeo linalotoa risiti, kwa kipimo kilichoandikwa, nikiwa na glavu na nimejifunga uso. Ni dawa ya kukinga, inapakwa kabla. Jani lililokwisha doa haliponi. Mvua kubwa ikiiosha inabidi urudie. Na ua lililopulizwa dawa haliingii kwenye kikuba, wala chai, wala sandukuni kwenye kanga. Kwa sababu hiyo mwaka huu nilipuliza Machi na Aprili tu, nikaacha, na Mei nikauvumilia ukiwa nusu uchi. Nilijaribu pia magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji, kama wengi wanavyoshauri. Kwangu hayakuzuia chochote, na majani mawili matatu yaliungua kingo.

Wadudu ni habari fupi. Vidukari huja kwenye vichipukizi laini, nawaondoa kwa vidole na maji. Wakati wa kiangazi utitiri mwekundu hukaa chini ya majani, nao hawapendi kuoshwa. Kuna nyuki anayekata vipande vya duara kwenye majani kama amepimia kwa shilingi. Huyo nimemwacha, anajengea watoto wake na mwaridi haumhisi. Kuku ndio waliokuwa adui, walichakura matandazo yote siku moja, nikazungushia wavu. Na maganda ya kahawa msiyarundike shinani, yasogezeni nyuma kiganja kimoja, maana mchwa huyapenda.

Agosti ya mwaka wa kwanza lilitokea jambo lingine, na hapa ndipo nilipojua thamani ya kununua kwa mtu anayejua kazi. Lilichomoza tawi moja kutoka chini, lenye nguvu ajabu, kijani cheupe, lisilofanana na wenzake. Nilifurahi. Ndani ya wiki tatu lilinipita kichwa na halikuwa na tumba hata moja. Nilimpigia Ssalongo.

"Mama, limetoka juu ya kile kinundu ama chini yake?"

Nikaenda kutazama. "Chini."

"Hiyo si rozi yako, hiyo ni mizizi inataka kurudi nyumbani. Usikate. Fukua kwa mkono mpaka mahali imetokea, halafu uinyofoe kwa kuvuta. Ukiikata itarudi na ndugu zake."

Nilifukua, nikavuta, ikatoka na kisigino chake. Haijarudi. Ningeiacha, baada ya mwaka ningekuwa na kichaka cha mizizi na Double Delight wangu umekufa njaa. Ndivyo watu wengi wanavyosema "waridi langu limebadilika rangi".

Kupogoa ndiko kulikonipa furaha kuliko yote, ingawa nilikuogopa. Penye baridi miti hulala yenyewe. Hapa siku ni saa kumi na mbili mwaka mzima na mwaridi hauna sababu ya kulala, unaendelea tu kurefuka na kuchoka. Wa kwangu mwezi wa nane ulikuwa umefika kifuani, maua juu, chini mifupa. Ssalongo alinifundisha kuulaza mimi mwenyewe mara mbili kwa mwaka, penye kiangazi: Januari na katikati ya Julai. Kiangazi, kwa sababu kidonda kinakauka na kuvu haina maji. Naushusha hadi juu kidogo ya goti, nabakiza matawi manne au matano yenye afya, kila mkato juu ya jicho, pale chipukizi litakapotokea, linalotazama nje. Katikati ya misimu nakata maua yaliyonyauka tu, hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Baada ya kupogoa naupa kijiko kimoja cha mbolea ya NPK 17-17-17 kilichotawanywa mbali na shina, kwenye udongo uliokwisha kulowa, na maji lita kumi mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua.

Kutoka mkato hadi ua ni wiki saba, nimehesabu mara tatu. Basi mwaka huu nilipiga hesabu nikirudi nyuma kutoka Maulidi, nikapogoa tarehe 15 Julai. Mwanzoni mwa Septemba 2025, wiki ya Maulidi, ulikuwa na maua 14 kwa mara moja. Niliyakata alfajiri na umande wake, kumi nikayapeleka kwa akina mama tuliosoma Maulidi pamoja, yakawekwa kwenye sinia pamoja na mrashi. Bibi mmoja wa Kinubi kutoka Bombo alilichukua moja, akalishika puani muda mrefu, akaniuliza limetoka Unguja? Nilimwambia limetoka Kisaasi, nyuma ya tangi la maji.

Nyota? Mche wenyewe naupa nne kati ya tano. Harufu, rangi, umbo na urefu ni kama nilivyoahidiwa, na katika ua wangu umechukua nafasi ya kiti kimoja. Nyota moja nimeiondoa kwa ajili ya madoa meusi, na mtu asiye na jua la asubuhi au asiye na muda wa kuokota majani aondoe mbili. Bustani ya Ssalongo naipa tano. Anaandika majina, anapokea simu, na alipoishiwa Double Delight Juni alimwambia shoga yangu angoje, hakumpa mche mwingine kwa jina hilo. Akina mama wanaoishi mbali wajue tu kwamba hapeleki mizigo, na miche mipya huipata zaidi Januari na Juni. Nendeni asubuhi, yeye huondoka adhuhuri.

Nalongo ameamua kuuhamisha wake. Tumeshapima upande wa kwake unaotazama mawio, kuna pipa linapaswa kuondoka kwanza, na tumekubaliana tungoje Januari, tuupogoe mfupi kabisa kabla ya kuung'oa na donge lake. Wangu leo, mvua za vuli zikiwa zimeanza, una majani matatu yenye doa, nimeyatoa asubuhi hii. Juu kuna matumba mawili, moja limeshaonyesha ile hina kwenye ncha.